Daftari la Jogoo

Ukurasa wa kwanza una mwandiko wangu wa darasa la tano, herufi nene zilizolalia upande kama minazi ya ufukweni: "Skrubu za kabureta 4. Moja imekwisha kichwa." Chini yake baba ameandika kwa kalamu ya wino: "Weka tarehe." Nami nimetii: 19 Septemba 1982. Ni daftari la hesabu, la mraba, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ukilisogeza puani bado linanuka mafuta ya taa. Au pengine pua yangu ndiyo inayokumbuka. Daftari la miaka arobaini na ushei lingekuwa limeshasahau.

Baba hakuwa fundi. Watu wakisikia kwamba alifufua pikipiki uani kwetu Ngamiani, Tanga, bila gereji wala kitabu cha maelekezo, hudhani alizaliwa na spana mkononi. Alikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Kwa miaka kumi na saba alisimama mbele ya mzani akiandika uzito wa marobota, na alichojua kuhusu mashine ni kwamba korona ikinyamaza kabla ya saa sita, siku hiyo meneja hasalimiwi. (Korona, kwa wasiokulia mkongeni, ni ile mashine inayochuna majani zikabaki singa tupu.)

Mkonge wenyewe ulikuwa umeishiwa pumzi. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za singa. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba yakaanza kurudi pori mstari kwa mstari. Kwao baba korona ilizimwa 1982. Shamba nitaliacha bila jina, kwa kuwa lilimlipa sehemu ya stahili zake kwa vitu vya stoo. Wenzake walibeba majembe, ndoo, mabunda ya kamba. Baba akachagua kitu kilicholala chini ya magunia, kimeota kutu mpaka kuku alikuwa ametagia kwenye taa yake ya mbele. Walimkata shilingi 600. Imo daftarini.

Kilikuja mjini juu ya lori la machungwa, na kutoka barabarani kikasukumwa kwa mkokoteni hadi Barabara ya Kumi na Nne, watoto tukiwa nyuma kama kwenye maulidi. Ilikuwa BSA Bantam, ile ya kwanza kabisa, D1, sisi 125, gia tatu tu, na gia zenyewe za mguu wa kulia kama pikipiki nyingi za Kiingereza za zama zile. Upande wa tangi, chini ya kutu, palikuwa na picha ya jogoo. Hapo hapo ikapata jina, na mtaa mzima haukuwahi kuiita BSA.

Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Akaitazama, akamtazama baba.

"Baba watoto, umeniletea mke mwenza?"

"Huyu halali ndani," baba akajibu.

"Wote husema hivyo."

Jirani yetu mmoja alikuwa na Yamaha iliyong'aa, naye alicheka hadi akashika ukuta. Natamani ningejua wakati ule nilichokuja kukisoma ukubwani: kwamba Bantam ilichorwa upya kutokana na pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, ambayo ramani zake zilichukuliwa baada ya vita kama fidia. Waingereza wakatengeneza yao kuanzia 1948, Warusi wakatengeneza yao, Harley-Davidson huko Marekani nao wakafanya yao, na Yamaha, walipotoa pikipiki yao ya kwanza mwaka 1955, nao waliifuata ile ile ya Mjerumani. Kwa hiyo jirani alikuwa akimcheka shangazi yake. Lakini ilikuwa 1982, na sisi hatukuwa na jibu.

Utaratibu wa baba ulikuwa wa mizani. Hakifunguliwi kitu kabla hakijachorwa. Kikishafunguliwa kinasafishwa, kinapimwa, kinaandikwa, kinawekwa kwenye kopo lenye namba. Alikuwa na mzani mdogo wa shaba wa kupimia sampuli za singa, sijui aliupataje na sikuuliza, na kila jioni baada ya swala ya alasiri tuliketi kwenye mkeka chini ya mwembe, yeye na bisibisi, mimi na penseli. Ukurasa wa nne una mchoro wangu wa klachi unaofanana na kitunguu kilichokatwa. Baba ameupa alama: 6 kati ya 10.

Jambo la kwanza gumu lilikuwa pistoni. Ilikuwa imegandana na silinda kwa kutu, ukipiga kiki mguu unakataa kana kwamba umekanyaga jiwe. Fundi mmoja wa magari aliyepita kusalimia aliomba nyundo. Baba akamletea chai. Kisha, fundi alipoondoka, akachomoa plagi, akamimina kwenye tundu lake dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kikombe kidogo cha kahawa, akaziba kwa kitambaa. Kesho yake akaongeza. Na kesho yake. Daftari lina mistari ishirini na miwili inayosema neno moja: "Imegoma." Siku ya ishirini na tatu aliingiza gia ya tatu, akashika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalitikisa mbele na nyuma taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzie. Kitu kikalia ndani, tuk, kidogo sana. Baba aliniangalia bila kusema, halafu akasema: "Andika."

Vijana wanaoniuliza siku hizi namna ya kufufua pikipiki kwa pesa kidogo hutaka kujua bei ya spea. Mimi huwaambia hizo siku ishirini na tatu. Hawazipendi.

Tangi lilikuwa na kutu ndani inayomwagika kama majani ya chai. Tulitia humo kokoto nilizookota relini, tukajaza maji ya ukwaju uliochemshwa, tukalifunga kwa kamba kwenye tawi la mwembe na kazi yangu ikawa kulitingisha. Wiki nzima baada ya shule, mpaka mabega yakawaka. Ukwaju hula kutu vizuri. Wauza vyombo vya shaba wanajua. Likatoka safi, likiwa na matundu manne tusiyoyajua. Tukalipeleka kwa fundi koroboi, mzee aliyekaa karibu na soko akitengeneza vibatari kwa makopo, naye kabla ya kuliwekea lehemu alilijaza maji hadi shingoni, akabakiza nafasi ya kidole tu. Moshi wa petroli hukaa kwenye bati miaka, alisema, na moto ukiufikia hauulizi. Alitoza shilingi kumi na tano na akakataa kupunguza, na baba, aliyejua kubishana bei mpaka muuzaji aombe maji, hakubishana.

Sasa niseme la gololi, kwa kuwa mhusika mwingine ameshafariki.

Shingo ya usukani wa pikipiki za zamani huzunguka juu ya gololi za chuma zilizolegea, zimepangwa kwenye grisi ndani ya bakuli la juu na la chini. Tulizimwaga zote kwenye sahani ya bati, nikazihesabu, nikaandika. Lakini zilikuwa zinang'aa! Tanga ya wakati ule mtoto mwenye gololi ya chuma alikuwa mfalme. Ile ya kioo huipiga ikapasuka. Nilichukua mbili. Ndogo mno kwa mchezo, nikazibadilisha kwa gololi moja ya kioo yenye ua la kijani ndani yake, na ile ya kioo nikaliwa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Siku tulipofunga shingo, baba alizimimina kwenye mzani badala ya kuzihesabu. Akautazama mzani kwa muda mrefu. Akaandika kwa mkono wake: "Gololi za shingo, bakuli la juu, pungufu 2." Akanituma kwa fundi baiskeli nikatafute zinazolingana. Hakuniuliza kitu, wala sikusema. Naandika leo.

Februari 1983 mjomba akaja.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa baharia wa jahazi, na hiyo ndiyo kazi nitakayomwandikia. Mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Barabara ya Horohoro ilikuwa imekufa kisheria. Bahari hawakuifunga. Kati ya Tanga na Vanga kuna safari fupi ya usiku kwa mwenye kujua maji, na kutoka Vanga hadi maduka ya spea ya Mombasa kuna basi. Baba alimpa vipimo vya silinda kwenye karatasi, pesa aliyouzia baiskeli yake, na sala. Mjomba akarudi na kifurushi cha ukubwa wa ngumi: pistoni moja ya saizi kubwa kuliko ya kiwandani, ringi zake mbili, na sili mbili za kwenye ekseli ya injini. Hizo sili ndizo roho ya injini ya aina hii. Mchanganyiko wa petroli hupitia tumboni mwa injini kabla ya kupanda kwenye silinda, na tumbo lisipobana hewa, piga kiki mpaka uzeeke. Baba alivigusa kwa ncha za vidole. Nikaviandika vyote kwenye ukurasa wa 23, pamoja na bei.

Ukurasa wa 23 haupo.

Mwishoni mwa Machi mwaka ule ilianza operesheni ya wahujumu uchumi. Aliyekuwa na umri wa kuelewa anaikumbuka. Aliyezaliwa baadaye ataona natia chumvi. Maduka yalikuwa matupu siku nyingi, sabuni na sukari zinapatikana kwa foleni au kwa kujuana, na serikali ikaamua kuwashika walanguzi na waficha bidhaa. Waziri Mkuu Sokoine ndiye aliyeisimamia. Watu walishikwa usiku. Ghafla bidhaa zikaanza kuonekana kwenye mitaro, vichakani, ufukweni, zimetupwa na wenyewe: mabunda ya vitenge, makatoni ya sabuni. Sisi watoto tulisikia kwamba kuna mtu kamwaga magunia ya sukari baharini Raskazone, tukaenda kuonja maji. Yalikuwa ya chumvi.

Pistoni moja ya pikipiki si bidhaa ya mlanguzi. Lakini ilikuwa mpya, ya nchi iliyofungiwa mpaka, haina risiti, na nyumbani kwetu kwenye mkeka palitandazwa vyuma vingi vinavyofanana na duka la spea. Usiku baba alilichukua daftari, akaukata ukurasa kwa wembe, sawasawa na mshono, akauingiza kwenye jiko la mkaa lililokuwa likichemsha mihogo. Mtu ambaye sijawahi kumwona akichana karatasi, hata ya sigara. Kisiki cha ukurasa kipo mpaka leo.

Kifurushi alitaka kukizika chini ya mpapai. Mama akamwambia udongo uliochimbwa leo husema kesho. Akavitia vile vitu kwenye kopo la Blue Band, akamimina grisi juu hadi ikafunika, akafunga kwa kipande cha kanga, akalizamisha kopo chini kabisa ya gunia la mkaa.

"Mtu aliyevaa sare iliyopigwa pasi," alisema, "hapekui mkaa."

Walikuja siku ya nane. Mgambo wawili na balozi wa nyumba kumi, balozi akiwa na uso wa mtu anayeumwa jino. Wakatazama uvunguni, wakafungua masanduku, wakahesabu mchele wetu. Kisha wakafika uani, wakasimama mbele ya mkeka.

"Mzee, spea za nani hizi? Unauza?"

Baba akawapa daftari. Mgambo mkubwa alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza: nati ndogo kumi na nne, mbili zimeliwa na kutu, spoki za nyuma, sita hazipo, kamba ya breki, imekatika, imeungwa, imegoma, imegoma, imegoma. Alifika mchoro wangu wa klachi akaugeuza juu chini. Akalifunga, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, hii si hujuma. Huu ni msiba."

Wakaondoka. Mche wa sabuni uliokuwa juu ya kabati haukuonekana tena baada ya hapo, na wao hawakuwa na daftari la kuuandika.

Gunia la mkaa lilikaa pale miezi saba. Nyumba inayopika kila siku humaliza gunia kwa mwezi na kitu, kwa hiyo kila lilipokaribia kuisha mama alinunua jingine akalimiminia juu ya lile, akachota kutoka juu, hakumwachia dada yangu wala mimi kwenda kuchota. Sikuliona hilo wakati ule. Nimelipigia hesabu ukubwani. Mwaka huu nilimuuliza, yuko hai na masikio yake ni mazuri kuliko yangu, akafikiri sana akasema mkaa wa mwaka ule ulikuwa na unyevu.

Miezi hiyo tulifanya yasiyohitaji kifurushi. Rangi ilipatikana masalio ya trekta, nyekundu. Ya kiwandani ilikuwa kijani hafifu kama embe changa, na najua wako watu Ulaya wanaotafuta kijani kile kwa miaka na wangelia kuona tulichofanya. Tuliipulizia ile nyekundu kwa bomba la dawa ya mbu, lile la kusukuma kwa mkono, baba akisukuma nami nikipepea nzi. Kiti kilishonwa na fundi viatu kwa turubai la tanga la jahazi, ndani kikajazwa singa za mkonge. Kilikuwa kigumu, kilichoma kwa miezi mitatu ya mwanzo, na hakikuwahi kubonyea. Honi ilikuwa ya kubinya, ya mpira, na ndicho kitu pekee kilichokuwa kizima tangu siku ya kwanza. Jogoo wa tangini alichorwa upya na mchora vibao, ambaye alipokosa mfano alimtazama jogoo wa jirani. Akatoka mrefu miguu, shingo haina manyoya. Kuchi kabisa. Baba alimlipa na hakulalamika, ila kila alipopita karibu na tangi alicheka puani.

Novemba 1983 mpaka ukafunguliwa. Kopo likatoka mkaani. Grisi ilikuwa nyeusi juu na ya dhahabu chini, na pistoni ilichomoka kavu kama yai. Silinda ikaenda kuchongwa kwa mtu wa mashine ya kerezo, baada ya saa za kazi, kwa kilo tano za mchele badala ya pesa. Pesa haikumsaidia sana mtu wakati ule. Gasketi tulizikata kwa bahasha za kaki zilizopakwa oili. Nafasi ya platini, ile inayofunguka na kufungika kuzalisha cheche, inatakiwa iwe kama sehemu nne za kumi za milimita, na kipimo hatukuwa nacho, ila wembe wa kunyolea una unene wa moja ya kumi. Nyembe nne zilizobanwa pamoja. Ni ujanja ninaoutumia mpaka leo, japo vipimo ninavyo vitatu.

Machi 1984 Jogoo alikuwa amesimama kwa magurudumu yake, mwekundu, ana mafuta tumboni: chupa moja ya soda ya oili kwa kila lita sita za petroli, na petroli yenyewe ilipatikana kwa kibali na foleni. Hakuwika. Baba alipiga kiki kila jioni, asubuhi akaenda kibaruani akichechemea. Kabureta ikafunguliwa mara tano. Daftari linarudia neno lake la zamani. Tulipochomoa plagi na kuigusisha kwenye chuma, cheche ilikuwapo, lakini ya njano, dhaifu, na platini zenyewe zilirusha vimulimuli na kuungua vichwa. Aliyetambua ni dereva wa Land Rover aliyekuja kuuza oili chakavu. Kondensa imekufa, alisema. Ikifa, umeme unakimbilia kwenye platini badala ya plagi. Akachomoa ya zamani kutoka kwenye kisanduku chake. Ilikuwa kubwa mno kuingia ndani, tukaifunga nje kwenye fremu kwa waya, kama kupe.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1984, saa kumi na moja jioni. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu Jogoo akawika, akatoa moshi wa buluu uliojaza ua mpaka mwembe ukapotea, na mlio ule wa kurukaruka, pa-ta-ta-ta-pa-ta, ukatoka nje ukaenda mtaani. Watu waliingia hata bila hodi. Jirani wa Yamaha aliingia. Mtu alibinya honi. Mama alikuwa jikoni, nikamwona akiangalia kupitia dirishani, kisha akageuka kwenye chungu chake.

Hatukuwa tumemaliza kushangilia pale mtu alipoita kutoka barabarani kwamba tufungue redio. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyekuwa akizungumza. Sokoine amefariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro, huko Dakawa, akitoka Dodoma. Baba alirudi uani, akaufunga mrija wa petroli, akasubiri injini imalizie iliyokuwa nayo na kujifia yenyewe. Alivua kofia. Nilimwona analia, na nilikuwa na umri wa kushangaa: huyu si ndiye aliyetufanya tuchome ukurasa?

"Alikuwa na haki," baba alisema, kama aliyenisikia. "Mimi ndiye niliyekuwa na pistoni."

Jogoo alifunikwa turubai hadi maombolezo yakaisha.

Wiki moja hivi baada ya Idi tulifanya safari ya kwanza ya maana, kwenda Muheza kwa wazazi wa mama. Baba mbele, mimi juu ya tangi nimekalia jogoo, mama nyuma ubavuubavu, kanga mbili, mkono mmoja begani kwa baba na mwingine umeshika kikapu. Alikuwa hajawahi kuikalia. Tulikwenda salama, tukala, tukapakia machungwa. Wakati wa kurudi ndipo palipokuwa na haraka, kwa sababu siku zile, kubana petroli, vyombo vya binafsi havikuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, na tulikuwa tumeongea sana.

Karibu na Pongwe Jogoo alinyamaza. Hakukohoa wala hakupunguza. Alikatika kama redio iliyochomolewa. Baba akapiga kiki mara kumi. Akatazama mrija, akatazama kondensa, akatazama saa. Akatoa daftari kwenye mfuko wa koti, kweli alikuwa amekuja nalo, akaketi ukingoni mwa barabara akaanza kupekua kurasa, akinyoosha kidole kwenye mistari. Nilisimama nyuma yake nikimsomea.

Mama aliweka kikapu chini.

"Plagi," alisema.

Hatukumjibu. Akapita katikati yetu, akachukua spana kwenye kisanduku, ile ile hasa, hakuchagua mara mbili, akaifungua plagi akaipokea kwa pindo la kanga kwa kuwa ilikuwa ya moto. Akaielekeza kwenye jua, jicho moja limefumbwa.

"Si mnaona? Pana unywele."

Palikuwa na uzi wa masizi, mwembamba, umeunganisha ncha mbili pale cheche inapotakiwa kuruka. Alichomoa pini kichwani, akaukwangua, akapuliza, akairudisha plagi kwa vidole kwanza ndipo kwa spana, kama tulivyokuwa tukielekezana sisi wenyewe uani, jioni kwa jioni, mita tatu kutoka dirisha la jikoni. Akafuta mikono, akachukua kikapu, akasimama pembeni ya kiti akisubiri.

"Haya, piga."

Tulifika Ngamiani saa nane kasoro dakika sita. Usiku baba aliandika mwenyewe, na mstari huo ndio wa mwisho kwenye ukurasa wa 61: "Jumapili, 8 Julai 1984. Muheza na kurudi. Plagi ilisafishwa."